Mvua ya Ngong, Maji ya Kwetu

Najua kuna mtu atakayesoma haya akiwa amelala kwenye sakafu ya darasa, juu ya mkeka wa kuazima, na kila alicho nacho kiko ndani ya gunia moja. Ninakuandikia wewe hasa. Pole sana. Nami nimelala hivyo. Hata leo, tangi la jirani likifurika usiku na maji yakaanza kumwagika kwenye saruji, ninajikuta nimeshakaa kitandani na miguu inapapasa sakafu kuona kama ni kavu.

Tulikuwa tunaishi Kitengela, upande wa chini, karibu na Mto Athi. Ilikuwa ploti ya kawaida: vyumba vya mawe vilivyopangana mstari mmoja, choo cha pamoja nyuma, geti la mabati mbele. Kodi ilikuwa nafuu, na kila mpangaji alijua kwa nini. Mume wangu alifanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha EPZ, ng'ambo ya mto. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa mlangoni ili wateja waione. Tulikuwa na watoto wawili, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mwala kutibiwa magoti.

Usisahau kwamba mvua ile tulikuwa tumeililia. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ilipita mvua ikikosa kunyesha inavyopasa. Kaunti yetu ya Kajiado ilinuka mizoga. Ng'ombe walianguka kando ya barabara ya Namanga, na wafugaji waliokuwa na mifugo mingi wakabaki na fimbo tu. Kanisani tulifunga na kuomba. Halafu mwaka 2023 tukasikia El Nino inakuja, kisha tukasikia haiji, kisha ikaja, na zaidi ya watu 100 wakafa nchini. Basi masika ya 2024 yalipotabiriwa kuwa mazito, watu wengi walikuwa wameshachoka kusikiliza utabiri. Siwalaumu. Mtu akitangaziwa mambo yanayopingana, masikio yake hujifunga yenyewe.

Kuna jambo moja kuhusu mto wetu ambalo mgeni wa Kitengela halijui, na sisi wenyewe tulichelewa kulielewa kwa sababu tulihamia pale wakati wa kiangazi. Maji yanayotufurikia si ya mvua ya kwetu. Mvua hunyesha Ngong, Kiserian na Rongai, maji yanaingia Mto Mbagathi, yanapita pembeni mwa mbuga ya Nairobi, huku vijito vikiongezea njiani, kisha Mbagathi huo ndio unaoitwa Athi ukifika kwetu. Safari hiyo huchukua saa kadhaa. Kwa hivyo unaweza kuwa umeanika nguo Kitengela, anga ni nyeupe, na kumbe maji ya kukutoa nyumbani yameshaanza safari. Tena udongo wetu ni ule mweusi. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu, lakini ukishashiba unavimba na kujifunga, hauingizi tone. Maji yakifika hukaa juu.

Haya nilifundishwa na dada yangu anayekaa Rongai. Yeye si mtaalamu wa chochote, ni muuza mboga tu, lakini kibanda chake hakiko mbali na daraja na kila asubuhi huuona Mbagathi. Tangu mwanzo wa Aprili alikuwa akinipigia kila mvua ilipomwagika kwao. Mara nyingine nilimwona msumbufu.

Wiki ya mwisho ya Aprili mambo yaliharibika haraka. Mathare, jijini Nairobi, ilifurika na watu wakapanda juu ya mapaa. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29. Nilikuwa nimeshona pindo za sare za watoto na kupaka viatu rangi. Zikaahirishwa kwa wiki moja. Asubuhi hiyohiyo zikaja habari za Mai Mahiu, kwamba maji yameshuka alfajiri watu wakiwa usingizini, yakabeba nyumba, miti na watu. Mama mkwe alizima redio. Kisha akaiwasha tena, kwa sababu kutojua kulimtesa zaidi kuliko kujua.

Jumanne tarehe 30 serikali ikatoa amri: wanaokaa kando ya mito na chini ya mabwawa wahame. Vijana wa kujitolea walipita mtaani na kipaza sauti wakisema hivyohivyo, na wakatutajia nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199, kwamba haikati pesa. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Nihame niende wapi? Kodi ya Mei ilikuwa imelipwa. Mama mkwe alitembea kwa kushika ukuta. Mume wangu aliniambia, "Kesho ni Leba Dei. Nikitoka zamu nitakuja na mkokoteni tuhamie kwa ndugu yangu kule juu." Jirani zangu wote walikuwa na kesho ya namna hiyo.

Kwetu jioni ile kulikuwa na manyunyu tu. Tulikula ugali na sukuma, tukaomba, watoto wakalala. Dada alipiga simu usiku umeshaingia. Sauti yake ilikuwa chini.

"Huku imemwagika tangu alasiri. Mto haujawahi kuwa hivi. Dada, usilale."

Nilitoka nje. Manyunyu yalikuwa yamekatika, na ploti nzima ilikuwa imelala. Nilimgongea keateka, mtunzaji wa ploti, nikamwambia. Alitazama juu, akatabasamu, akasema, "Shemeji, mvua iko wapi?" Hata hivyo alichukua tochi akaenda kuangalia. Mungu ambariki kwa kwenda. Aliporudi hakuwa anatabasamu. Hakusema neno, aliokota jiwe akaanza kugonga geti la mabati kwa nguvu, tena na tena, mpaka kila taa ikawaka.

Nilichukua mfuko wa plastiki ule mgumu wa kufungia vitambaa. Niliweka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, dawa za presha za mama mkwe, chaja na pesa kidogo za chama chetu cha kuchangiana nilizokuwa nimehifadhi. Nikaukaza fundo. Nilimvalisha mdogo sweta mbili. Wakati huo sakafu ilikuwa bado kavu.

Maji hayakuja kutoka upande wa mto. Nilikuwa nikitazama getini, kumbe yalianzia nyuma, chooni. Yaliinuka kwenye shimo, meusi, yakinuka, yakapita kwenye mfereji wa kuogea, yakaingia chini ya mlango wa nyuma. Kisha geti likatetemeka. Kisha likafunguka.

Keateka akazima umeme kwenye meni swichi. Alifanya vizuri, lakini giza lile sitalisahau.

Pembeni mwa ploti kulikuwa na jengo la ghorofa ambalo mwenyewe aliliacha katikati, pesa zilipomwishia. Kitengela majengo kama hayo ni mengi, nguzo na slabu tu, na vyuma vimechomoza juu. Tulikuwa tukilisema vibaya kwa sababu wavuta bangi walijificha humo. Usiku ule ndilo lililokuwa juu kuliko chochote kilichokuwa karibu. Vijana walifunga kamba za kuanikia nguo, wakaziunganisha, wakazipitisha kutoka nguzo ya geti mpaka nguzo ya jengo. Keateka akambeba mama mkwe mgongoni. Mama mkwe alikuwa akiimba tenzi kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba yuko jikoni.

Nilimfunga mdogo mgongoni kwa leso. Mfuko nikauning'iniza shingoni. Binti yangu mkubwa nilimshika mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukashika kamba. Tukaingia.

Maji yalinifika kiunoni. Yeye yalimfika kifuani.

Yalikuwa baridi. Yalikuwa na nguvu. Kitu kiligonga goti langu, mtungi wa gesi, ukapita. Sikuona mbele. Nilisikia watu wakiitana majina. Nilihesabu hatua kisha nikapoteza hesabu.

Katikati, mguu wangu uliingia shimoni.

Nikayumba. Kamba ikanikata kiganja.

Mkono wa mtoto ukaponyoka.

Sikuweza kupiga kelele. Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nilipapasa majini. Maji tu. Nikapapasa tena. Maji tu. Mdogo alikuwa analia mgongoni na nilishindwa kugeuka kwa sababu yake. Nilisema "Yesu." Hilo tu. Sikuwa na ombi lingine, wala ahadi, wala mstari wa Biblia. Yesu. Yesu.

Kisha sauti ya mwanamume nyuma yangu: "Ninaye! Mama, ninaye! Endelea!"

Ni jirani wa chumba cha mwisho, dereva wa bodaboda ambaye tulikuwa hatusalimiani vizuri kwa sababu ya kelele za pikipiki yake. Mtoto alikuwa amesukumwa kwake, naye akamshika kwa kofia ya sweta. Akambeba begani mpaka ng'ambo. Tulipofika kwenye ngazi za jengo nilimkumbatia binti yangu kwa nguvu hadi akaniambia ninamuumiza. Nilimwachia. Nikamkumbatia tena.

Nimeandika habari ya muda ule kwa maneno machache kuliko ulivyostahili. Siwezi zaidi.

Juu ya slabu tulikaa tumebanana, wazee na watoto katikati, vijana pembezoni kwa sababu hakukuwa na ukuta. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba habari inaweza kuzamisha watu sawa na maji. Kabla hakujapambazuka, ujumbe wa sauti uliingia kwenye kikundi cha mtaa cha WhatsApp. Mtu asiyejulikana, anahema, anasema bwawa la huko juu limepasuka, maji mengine yanakuja, jengo lolote lisilo na kuta litaanguka, kimbieni barabarani sasa hivi. Baada ya Mai Mahiu nani asingeamini? Watu walisimama. Wengine walianza kushuka ngazi, na chini maji bado yalikuwa yanapita kwa kasi gizani. Mwanamke mmoja alikuwa ameshaingia hadi magotini, mtoto mkononi.

Simu yangu ilikuwa imebaki na chaji kidogo. Nilimpigia dada. Nilimuuliza, "Umesikia bwawa limepasuka?" Akasema, "Hapana. Niko nje hapa na watu wengi, tunautazama mto. Umeanza kushuka. Uliokuja kwenu ndio huohuo." Nikaweka simu kwenye spika na kumwambia arudie. Akarudia. Keateka naye alipiga 1199 kwa simu yake, akajibiwa kwamba hawana taarifa ya bwawa lolote kupasuka, tubaki pale juu, tuseme tuko wangapi, kuna wagonjwa wangapi, na alama gani iko karibu. Watu wakakaa. Yule mama alipandishwa. Kama wangeshuka, sijui ningekuwa ninakuandikia nini leo.

Tangu siku ile nimekuwa mkaidi wa jambo moja, na wanangu hunicheka. Nikisikia habari ya hatari, nauliza: aliyesema yuko wapi? Anaona kwa macho yake, au ametumiwa na aliyetumiwa? Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ninausikiliza, maana wao huniambia wiki inavyokuja. Lakini usiku wenyewe ninampigia aliye juu ya mto.

Kulipokucha tukaona. Barabara ya Namanga karibu na mto ilikuwa imefunikwa, magari yamezama hadi madirishani. Mapaa ya ploti yetu yalionekana kama sahani zilizoachwa kwenye karai. Mume wangu alikuwa amesimama ng'ambo ya pili tangu alfajiri, amezuiwa kuvuka. Aliponipigia, wote wawili hatukuweza kuongea. Nilimpa mama yake simu. Mama akamwambia, "Tuko wote. Umekula?"

Mashua ya mpira ya Msalaba Mwekundu ilitufikia mchana. Walichukua kwanza wagonjwa, wazee na akina mama wenye watoto wachanga. Kijana mmoja alimvisha mama mkwe jaketi la kuelea, na mama akalalamika kwamba linambana. Tulipokanyaga ardhi, mume wangu alikuwa amezunguka njia ndefu sijui ipi, akatukuta. Alimshika kila mmoja wetu kichwa, kama anayehesabu.

Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa. Wiki ile nilikuwa chini sana kuliko hata usiku wa maji, na hili ninakuambia kwa sababu huenda ndipo ulipo. Usiku wa hatari mwili hufanya kazi. Hatari ikipita ndipo moyo unapoanguka. Nilikaa nikitazama ukuta. Mtoto mdogo aliugua tumbo. Maji ya mabomba na visima yalikuwa yamechanganyika na ya vyoo, tukawa tunachemsha kila tone au kutia dawa ya klorini tuliyogawiwa. Binti yangu mkubwa alikataa kuoga kwenye beseni. Akiona maji alilia. Mimi nilipiga magoti na wengine jioni na kusema amina, lakini ndani hapakuwa na kitu. Wenzangu waliniombea nilipokuwa siwezi, nami sikuona haya. Kanisa ni la nini basi?

Tarehe 10 Mei ilitangazwa sikukuu ya kuomboleza waliokufa, na watu wakaombwa wapande miti. Zaidi ya watu 200 walikuwa wamekufa nchini. Sisi tulikwenda siku hiyo kutafuta vitu vyetu. Tope lilikuwa limeganda hadi nusu ya ukuta. Godoro lilikuwa limejikunja mlangoni. Cherehani niliikuta imelala kifudifudi, magurudumu yamejaa matope meusi, sindano bado iko mahali pake. Niliketi chini nikalia kwa mara ya kwanza. Mume wangu aliifuta kwa shati lake, akanyonga gurudumu. Halikuzunguka.

Shule ziliahirishwa tena, zikafunguliwa tarehe 13. Watoto walikwenda na nguo za nyumbani, na mwalimu hakuuliza. Kaka zangu walituma mahindi na maharagwe kutoka nyumbani. Wanachama wenzangu wa chama walinipa zamu yangu kabla haijafika, na kwa pesa hizo nikanunua cherehani nyingine, ya mtumba. Dereva wa bodaboda ndiye aliyeibeba kutoka dukani, akakataa nauli.

Tulihamia juu, upande wa Kisaju. Kodi ni kubwa zaidi na maji tunanunua ya bauza, lakini mto hatuuoni. Nilidhani sasa nimeachana na kukimbia. Kumbe mvua ileile iliyotutoa kule chini ndiyo iliyootesha nyasi ndefu huku juu, na kiangazi kilipokuja nyasi zikakauka zikiwa zimesimama. Wafugaji tangu zamani huchoma nyasi kuukuu ili changa zichipuke, na wanajua siku ya kuchoma. Tatizo ni sisi wa maploti, tunaochoma takataka jalalani upepo ukiwa mkali. Mchana mmoja moto ulitoka kwenye jalala la watu, ukaingia uwanda wazi, ukaja upande wetu. Moshi ulikuwa mzito, na jua likawa jekundu.

Mikono yangu ilianza kutetemeka vilevile. Lakini mfuko ulikuwa mlangoni. Nilimpigia mama mmoja wa Kimaasai anayetuletea maziwa, ambaye boma lake liko upande moto ulikotokea. Akaniambia moto umefika wapi, upepo unaelekea wapi, na kwamba tupite upande uliokwisha kuungua, tusikimbie mbele ya moto. Wanaume walikata matawi mabichi wakaupigapiga pembezoni. Wengine walifyeka ukanda wa nyasi kuzunguka nyumba hadi udongo ukaonekana. Tukatoa mitungi ya gesi nje, mbali. Moto ulifika kwenye ukanda, ukakosa cha kula. Mume wangu sasa hufyeka ukanda huo kila Juni, na kila jirani ana nambari ya yule mama.

Ninaogopa bado. Mvua ikinyesha Ngong silali, ingawa niko juu na haiwezi kunifikia. Dada hunipigia, nami nawapigia waliobaki kule chini, maana wapo, kodi ya chini bado ni nafuu. Wengine hukasirika nikiwaamsha na maji yasije. Nawaambia afadhali mnikasirikie.

Ikiwa wewe uko chini usiku wa leo, tafuta mtu mmoja aliye juu ya mto wako, umwombe akupigie. Kama huna, nenda kanisani au msikitini uulize. Yuko mtu mwenye ndugu huko. Kanisani kwetu tumeandika orodha ya nyumba zenye wazee, wajawazito na watoto wachanga, na jina la kijana atakayekwenda kuwatoa kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama mkwe, ambaye hakurudi tena Mwala, yuko wa kwanza kwenye orodha hiyo. Kila Jumapili anamwambia katibu amfute, kwamba magoti yameshapona. Hayajapona.